Makumbi Yaliyolala Matopeni

Mwanafunzi wangu wa Kihispania alikuwa mwanamke wa Makunduchi aliyeolewa mjini, mtaa wa Ng'ambo. Jioni hiyo alinijia kwa sababu kesho yake alikuwa ahojiwe kwa Kihispania katika hoteli moja ya Mbweni, kwa kazi ya kutembeza wageni, na alishaambiwa kwamba ataombwa asimulie utoto wake.

Tulikaa chumba cha juu, Mji Mkongwe. Harufu ya udi ilikuwa ikipanda kutoka nyumba ya chini, taratibu, hata maneno yetu nayo yakawa kama yamefukizwa.

Kila alipoanza kwa Kihispania, vitenzi vyake vilimalizika papo hapo. Niliishi, nilicheza, nilikua. Utoto mzima ukapita mara moja, kama mlango uliofungwa na upepo. Nikamtaka auseme kama jambo lililokuwa likiendelea.

"Niache tu, mwalimu," akasema. "Mie utoto wangu ushakwisha. Nkiusimulia kama haujesha, si ntakuwa muongo?"

Nikamwambia asiogope, kila anayejifunza lugha hii hujikwaa hapo. Nikamuuliza kwao walikuwa wakifanya nini. Akanieleza jinsi makumbi ya nazi yanavyofukiwa matopeni pwani, yakalala miezi yakilainika, kisha huchimbuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kamba.

"Basi Kihispania kina wakati uliopita wa namna mbili, bi dada. Mmoja ni makumbi yakiwa bado chini, mwanzo wala mwisho hatuuoni. Wa pili ni siku ya kuchimbua. Anza na yaliyolala."

Akafumba macho. Kwa Kihispania, polepole, maji ya bahari yalikuwa yakitoka, mama yake alikuwa akiimba, tope lilikuwa likimfika vifundoni. Chumba kikajaa pwani ile. Mara akachimbua, akahamia wakati wa pili. Siku moja alikosea mawe yanayotia alama shimo la kila mtu, akatoa makumbi ya jirani, akayaponda nusu kabla mwenyewe hajafika. Jirani hakugomba. Alikaa akaponda naye, akimtania kwamba Mungu amemletea mwizi mwenye bidii.

Akafumbua macho. "Nsimulie hii? Si wataniona mwizi?"

"Simulia hii hii."

Kesho yake alasiri alinipigia simu. Alikosea pahala pawili, akasema, lakini hakusimama, na waliomhoji walicheka palipostahili kuchekwa. Ataanza kazi Jumatatu. Akaniomba nisikate, akamwambie mumewe. Nikangoja. Kwa mbali nikasikia mlango, nyayo, sauti yake na ya mumewe, kisha vigelegele vya wanawake wa jirani, nyumba hadi nyumba.