Watoto Ambao Hawakulia

Nilipokuwa mtoto, kila aliyesikia jina langu alitazama nyuma yangu kutafuta watu wengine wawili. Naitwa Shija. Kwetu Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija, hakuna mjadala. "Kulwa na Doto wako wapi?" wauza mboga wa mtaa wetu wa Mkolani waliniuliza. Nyumbani nilikuwa mtoto peke yangu na hakuna aliyewahi kunieleza. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, akiulizwa habari hizo aliinuka kwenda kukagua matairi.

Aliyekataza mazungumzo hayo ni shangazi, dada yake baba, ambaye tuliishi naye. Shangazi alikuwa na mwiko kwa kila kitu: usifagie usiku, usikalie kinu, usimruke mtu miguu. Lakini mwiko wake mkubwa ulikuwa huu: mtoto ambaye hakulia, haliliwi. Akizaliwa kimya, wanawake wanamzika kimya, penye udongo wa majimaji ili tumbo la mama yake lisikauke. Mama haonyeshwi mahali. Akipaona, au akilia, tumbo linafunga, hazai tena.

Pacha wa mama yangu walizaliwa kimya. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliporudi kazini wenzake hawakujua wamwambie nini. Wengine walimkwepa. Wengine walimwambia, "Utapata wengine," kana kwamba amepoteza miavuli. Mpaka leo maneno hayo yakisemwa mbele yangu napandwa na hasira. Mmoja tu, Mwalimu Koku, Mhaya mwenye sauti ya kuita paredi, alivuta kiti akakaa naye, akamwuliza, "Waliitwa nani?"

Mama alikuwa ameambiwa watoto wa namna ile hawapewi majina. Ila nilipozaliwa mimi, shangazi alipotaka niitwe Mashaka, mama alisema huyu ni Shija, na anayetaka kuuliza aulize.

Nikiwa darasa la pili, nikaugua. Homa ilinishika asubuhi. Mama akanipa kidonge, akaenda shule kuomba ruhusa ili arudi kunipeleka zahanati. Shangazi hakungoja. Alininyanyua kitandani, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanikalisha juu ya jalala. Nilikuwa mkubwa kwa shughuli ile, ambayo kwa kawaida hufanyiwa kichanga. Miguu yangu mirefu ilinyooka kwenye majivu na maganda ya ndizi, na kuku alikuwa anachakura karibu na kidole changu.

Shangazi alipita akijifanya hanioni. Kisha akageuka. "Jamani, nani katupa taka hii hapa? Ngoja niiokote mimi. Jina lake ni Jalala."

Kifo hakiokoti taka, ndivyo alivyonieleza, huku akinipaka majivu kwenye paji la uso. Nilimwamini kabisa. Nilitaka sana kuitwa Jalala, kwa sababu nilitaka kuishi.

Mama na Mwalimu Koku wakatukuta pale pale.

"Wifi, unamfanya nini mwanangu?"

"Namwokoa. Wale wanamwita mwenzao. Kila ukilitaja jina lake unawaamsha."

"Na waamke! Ni wanangu. Uliwaweka wapi?"

"Hilo haliulizwi, wifi."

"Mimi nimeuliza."

Mwalimu Koku alikuwa ameshavua viatu vyake vya kufundishia. "Ugomvi mtaukuta, homa haingoji," alisema, akanifunga mgongoni kwa khanga, nami miguu inaning'inia mpaka magotini kwake. Zahanati walisema ni malaria. Nikatibiwa, nikapona, nikabaki Shija.

Nilidhani yameisha. Jumamosi iliyofuata Mwalimu Koku akaja, amevaa kandambili za shambani.

"Shikamoo, dada," alimwamkia shangazi. "Tumekuja utuonyeshe mahali walipo."

"Marahaba. Na wewe pia unataka kuonyeshwa?"

"Mama Shija haendi peke yake."

Shangazi alikataa. Akasema atakayefunga tumbo la mke wa kaka yake si yeye. Mama hakubishana naye, alijifunga tu khanga ya pili kiunoni akasimama mlangoni, na akaendelea kusimama. Mwishowe shangazi akatoka, akatangulia bila kutazama mtu. Tuliteremka katikati ya majabali mpaka ziwani, mahali penye matete, ambapo ardhi inabonyea ukikanyaga. Hapakuwa na jiwe wala kijiti. Lakini shangazi hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja, akasimama, akaonyesha kwa mkono.

"Kulwa yuko hapa. Doto yuko hapa. Niliwafunga kwenye kitenge changu cha harusi. Niliwalaza wakitazamana, wasiogope."

Kumbe majina walikuwa nayo miaka yote, na aliyekuwa nayo ni huyo huyo aliyekataza yasitajwe.

Kisha mama akapiga magoti kwenye tope akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kilio cha msiba, kile cha kuita majirani, mpaka watu waliokuwa wanafua ng'ambo ya matete wakasimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia hivyo, nikaogopa, nikamshika Mwalimu Koku mkono. Yeye alinikamata sawasawa na hakumnyamazisha mtu.

"Wifi, nyamaza! Tumbo litafunga!"

"Na lifunge!"

Shangazi aliangaza huku na huku kama anayetafuta wa kumsaidia. Halafu akakaa kwenye tope kando ya mama, akaanza kulia na yeye.

Mama hakuzaa tena. Mtaani walisema alijifunga tumbo mwenyewe, na kwa kipimo chao wana ushahidi. Kwa nini hakuzaa, mimi sijui, na sina deni la kumweleza mtu. Shangazi, nampa haki yake, hakusema hata mara moja kwamba alionya. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mama kama anajuta.

"Waliniambia nichague kati ya watoto ambao hawajaja na watoto waliokwisha kuja," alisema. "Wewe ungechagua nini?"

Mwaka juzi nami nilizaa mtoto wa kike ambaye hakulia. Mume wangu alimbeba, tukampa jina, tukamtazama vidole. Kisha nikalia kwa nguvu zote nilizokuwa nimebaki nazo. Muuguzi akaja mbio kufunga dirisha, maana nje kwenye mabenchi walikuwa wamekaa wafanyakazi wenzangu waliokuja kuniona, na alidhani nitaona haya. Nikamwambia aliache wazi. Nilitaka wakiingia wajue wanaingia msibani.