Yule Tuliyemwomba Moto

Usiniambie niliota. Watu wa Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, wanaonijua watakueleza: mimi ni fundi cherehani, nina ulimi mkali, na maneno ya ndoki, yaani uchawi, hunikera. Mtoto akiumwa tumbo, ndoki. Pikipiki ikikataa kuwaka, ndoki. Nimeshamfukuza mteja mmoja kwa upuuzi huo. Basi nisikilize vizuri, maana hili nililiona mwenyewe, tena si gizani. Lilitokea mchana kweupe.

Shauri lilitoka kwa mdogo wangu Prosper. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana ambaye akicheka nawe unacheka, hata kama hujui sababu. Alitaka wakati wa likizo tuwapeleke vijana wa kwaya yetu kupiga kambi kando ya ziwa moja chini ya mji mdogo wa Yanonge, pale mto unapoacha maji yake ndani ya msitu. Mahema alikwisha kuyaazima. Kila jioni tulikaa uani kwa mama tukipanga mambo: mchele, makayabu yaani samaki wa chumvi, vyandarua, nani atapika, nani atawaangalia wasichana. Mama alitusikiliza huku akichambua pondu, majani ya muhogo.

"Muko na nyumba, munaenda kulala mu pori kama nyama?" alisema.

"Mama, banaita ile camping," Prosper akamjibu, akamkumbatia mpaka pondu ikamwagika. Mama akamtukana kwa upendo, kama alivyokuwa akimtukana siku zote. Nilimwonea wivu kidogo, sitaficha. Mtoto wa mwisho ana bahati yake.

Sasa, huwezi kupeleka watoto wa watu mahali usipopajua. Tukakubaliana twende kwanza sisi wawili na mahema yetu, tuone maji, tuone mbu, turudi. Aliyetupeleka ni papa Bolamba, mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa Isangi, mwenye pirogi, mtumbwi wenye mota. Safarini alitufundisha desturi ya kwao. Kwenye ziwa la wavuvi, mgeni hawashi kiberiti chake. Moto wa kwanza anauomba kwa mwenye ziwa, kwenye jiko lake. Anampa chumvi na sabuni, naye anapewa kijinga, yaani kuni inayowaka, aende kuwashia kambi yake. Ukishapewa moto, wewe ni mtu wa nyumba ile. Prosper aliipenda sana desturi hiyo, akasema ataifundisha kwaya nzima. Tulikuwa na chumvi na sabuni. Tulikuwa na heshima zetu. Niamini, tungekuwa wajeuri wenye kiberiti mfukoni, leo nisingekuwa na kisa.

Kwenye mlango wa ziwa, kongo ya sika, yale majani yanayoelea mtoni, yakajisokota kwenye mota. Papa Bolamba akashika panga ayakate, akatuonyesha njia ya ukingoni.

"Mutangulie. Muzee iko pale tu, mutaona moshi. Mumusalimie muzuri."

Na moshi tuliuona. Tulikuta kibanda cha majani na mzee amekaa mbele yake, anashona wavu, moto ukiwaka miguuni pake. Aliinua uso kama mtu aliyekuwa akitungoja. Nikapiga goti kidogo. Prosper akamnyooshea mkono, lakini mzee hakuupokea. Alituonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka chumvi na sabuni, nikaviweka mimi.

"Papa, tunakuya kuomba moto," Prosper akasema. "Tunataka kuleta batoto ya kwaya hapa."

"Moto iko," mzee akajibu. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ila moto inaomba mutu. Nani atabakia kuichunga?"

Prosper akacheka. "Miye, papa. Miye njo mukubwa ya moto."

"Bon. Ikamate na mukono yako."

Mdogo wangu akainama, akachukua kijinga. Mzee akarudia wavu wake, hakututazama tena. Tulipokuwa tukiondoka, kitu kilinisumbua, nikashindwa kukipa jina. Baadaye ndipo nilipoelewa. Jikoni pale hapakuwa na chungu. Hapakuwa na magamba ya samaki, hata nzi mmoja. Kambi ya wavuvi isiyonuka samaki, wewe umeiona wapi?

Tukawasha moto wetu ufukweni. Uliwaka vizuri, ndimi zake zilinifika kiunoni. Nikateleka birika la chai, nikangoja. Nikangoja sana. Maji hayakutoa hata sauti. Nikafunua, nikatia kidole, yalikuwa baridi vilevile kama yalivyotoka ziwani. Nikapeleka kiganja changu juu ya ndimi zile, polepole, halafu nikakishusha mpaka ndani. Sikuungua. Sikusikia joto lolote. Ilikuwa kama kuweka mkono juu ya picha ya moto.

"Prosper," nikamwita.

Alikuwa amekaa karibu mno, anaongeza kuni moja moja, anatabasamu. "Yaya, usiizimishe," akasema, kama alivyozoea kuniita mimi mkubwa wake. Nilimpigia kelele aondoke pale, akaendelea kuongeza kuni.

Papa Bolamba akatokea na panga lake mkononi. Alipouona moto alisimama. Akaweka mkono ndani yake, akautoa haraka.

"Moto hii mumetosha wapi?"

"Kwa muzee, vile ulituambia."

"Chungu ilikuwa juu ya jiko yake?"

Nikasema hapana. Hakuuliza zaidi. Alinishika mkono, tukarudi kwenye kibanda karibu tunakimbia. Kibanda hakikuwapo. Palikuwa na nguzo zilizooza, na majani marefu ya kunifika kifuani. Pale jiko lilipokuwa, ardhi ilikuwa imeota nyasi, na juu ya nyasi zile palikuwa na chumvi yetu na sabuni yetu, jinsi nilivyoviweka. Nikakaa chini kama mtoto, nikalia.

Papa Bolamba alilia pia. Alisema moto unaombwa kwenye jiko lenye chungu tu, maana chungu ndicho ushahidi kwamba mwenye jiko bado anakula. Kwao hata mtoto mdogo anajua, kwa hiyo hakufikiria kutuambia. Wala hakuwa amepata habari za mzee. Kijiji cha jirani ndicho kilichotupa habari tukirudi: yule mzee alizikwa wakati wa mafuriko, na wanawe wakahamia mjini. Alikuwa amewasihi mmoja wao abaki kambini. Hakuna aliyekubali.

Tuliacha mahema huko huko. Prosper tulimbeba mpaka kwenye pirogi, kwa sababu hakutaka kuuacha moto. Mkono wake wa kulia, ule uliobeba kijinga, ulikuwa baridi kama samaki. Nyumbani mama aliukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Waganga wa hospitali walimpima malaria, wakapima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Watu wa sala walikuja, wakaimba, wakaenda. Jua la Kisangani unalijua, lakini yeye alivaa sweta na kuinamia mbabula, jiko la mkaa la mama, makaa yakiwaka, akitetemeka. Kicheko kilimwisha. Alikuwa na neno moja tu: "Itazima, yaya. Itazima, na nilishakubali."

Mimi nilimjibu nini? Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia ni homa, kesho itapoa. Usiku nililala nimeegemea mlango, ili akitaka kutoka anikanyage kwanza.

Alfajiri moja niliamka mlango ukiwa wazi na mimi nimelala pembeni yake, nimefunikwa kanga vizuri. Alinisogeza kama unavyomsogeza mtoto mchanga. Hakuchukua viatu.

Papa Bolamba alikwenda ziwani kumtafuta. Aliporudi alikaa uani kwetu, na chakula alichoandaliwa hakukigusa. Mama alipomkamata magoti ndipo alipofungua kinywa. Kibanda kimesimama tena. Prosper amekaa mbele yake anashona wavu, wakati nyumbani hata kifungo cha shati nilikuwa nikimshonea mimi. Mdogo wangu alimpungia mkono.

"Chungu iko?" mama akauliza.

Papa Bolamba akainamisha kichwa.

Kambi ile haikufanyika. Wazazi wa kwaya hunishukuru, wananiambia niliwaokolea watoto. Nawaitikia, nifanye nini? Mama alitaka kwenda kumfuata. Nilimzuia kwa nguvu, nilimfungia hata nguo zake kabatini, na kwa hilo sijuti, ingawa lilimuua. Alikwisha kidogo kidogo, akiuliza kila jioni kama mvua imenyesha upande wa Yanonge. Tulimzika majira ya kiangazi.

Sasa wewe unayepanga safari na hema zako, nakuonya. Desturi za watu zifuate, lakini ziulize mpaka mwisho, hata wenyeji wakikucheka. Na ukiona moshi kwenye ziwa lile, usishuke. Baki ndani ya pirogi. Kuna kijana mzuri pale, atakuita kwa upole, na mimi najua alivyo, ataumia usipojibu. Kwa hiyo msalimie kutoka majini, ni mdogo wangu. Atakuuliza habari za mama. Nakuomba sana, mwambie mama ni mzima, anachambua pondu uani, halafu piga kasia uende zako.