Violini ya Kuazimwa Juu ya Meko Yangu

Wivu ulionitesa mimi haukuwa wa mume. Nasema hivyo mapema, kwa sababu ukinikuta kanisani utadhani mimi ni mtu mpole. Nilimwonea wivu mwalimu wa muziki wa binti yangu, mwanamke ambaye hakuwa amenikosea chochote, isipokuwa kumpenda mtoto wangu na kumwazima violini.

Violini, ile ambayo vitabu vyetu vya Kiswahili huiita fidla, sikuwa nimeigusa maishani. Shule yetu hapa Boito ilipewa saba na watu wa mbali waliokuwa wamezichoka, na mwalimu ndiye aliyekabidhiwa kuzitunza. Mtoto ambaye kwao hawawezi kununua, na hapa kwetu sijui ni nani anaweza, aliandikisha jina. Zamu yake ikifika anapewa moja, anaenda nayo nyumbani mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja tu: atakayeiharibu kwa uzembe anairudisha, na jina lake linafutwa kwenye orodha. Binti yangu alijiandikisha akiwa gredi ya nne. Alipata violini akiwa gredi ya sita.

Siku alipoileta nilifurahi, sitadanganya. Nilipangusa meza kwa leso yangu ya kanisa ndipo akaiweka. Alipoanza kuipiga ilitoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, tukacheka hadi ng'ombe wakainua vichwa. Baada ya mwezi paka alikuwa ameondoka. Ulikuwa wimbo kamili, na mimi nilikuwa nikisimama mlangoni na sufuria mkononi nikisikiliza.

Shida ilianza na maneno mawili: mwalimu amesema. Mwalimu amesema tusikae tumejikunja. Mwalimu amesema mtu alale saa tatu. Mwalimu amesema chai yenye maziwa mengi hivi inaleta usingizi. Hapo nilisimama. Sisi na ng'ombe wetu watatu, tuambiwe maziwa ni mengi? Nilimwambia mtoto amwulize mwalimu wake kama kwao walikuwa wanakunywa maji ya mto.

Nilijua kwao, ndiyo maana nilisema. Wazazi wake walitoka upande wa magharibi wakaja kuchuma chai kwenye mashamba ya kampuni, naye akazaliwa kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Alikuwa mtoto wa mchuma chai kama mimi. Labda angekuwa mtu wa Nairobi mwenye viatu virefu ningevumilia. Lakini huyu nilimwona sokoni Litein akichagua kabeji, mkoba wake umeshonwa kamba kwa uzi mweusi, nikajiuliza ana nini ambacho mimi sina.

Halafu kukaja ile ya chai yenyewe. Asubuhi ya Jumamosi nilimwita mtoto tuingie shambani, akanijibu kwa adabu zote, "Mama, mwalimu amesema nipunguze kuchuma. Vidole vikiwa vigumu sitasikia nyuzi vizuri."

Nikamwuliza, "Na vyangu vikiwa vigumu, nani atanipigia violini?"

Alichukua kikapu akanifuata. Tukachuma hadi saa sita.

Jioni yake, aliponipokea mzigo, niliona kucha za mkono wake wa kushoto zimekatwa fupi kabisa na kulainishwa, za kulia zimeachwa zilivyo. Nikamwuliza ni nani amezikata. "Ni mwalimu," akasema, "zisiguse nyuzi." Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama huko kwa muda. Kucha za mtoto huyu nilizikata mimi tangu azaliwe. Za kwanza kabisa nilizing'ata kwa meno, kwa sababu niliogopa wembe. Sasa mwanamke mwingine alikuwa ameshika mkono ule, kidole kimoja baada ya kingine, na mtoto akatulia.

Nilipomwambia mzee wangu alicheka. "Yaani unamwonea wivu mwalimu? Angekuwa ananifundisha mimi, hapo ungekuwa na neno." Nilimwekea ugali baridi usiku huo, akala bila kuuliza.

Katikati ya muhula shule ilifungwa siku chache, na binti yangu akaenda Soin, kule bondeni kwenye jua kali, kumsalimia nyanya yake. Violini aliiacha chini ya kitanda. Aliniambia akiwa tayari ameshavaa viatu, "Mama, isikae penye maji wala penye joto. Iache tu hapo." Hakusema ni nani amesema. Nadhani alishajua jina hilo linaniuma.

Mvua ilikuwa imetushika. Watu wa Boito mnaijua mvua hiyo, ile inayootesha ukungu hadi kwenye mkanda wa suruali. Siku ya pili nilivuta sanduku la violini, nikalikuta limeanza kuwa jeupe pembeni. Nikalifuta. Nikasimama nalo katikati ya chumba, nikifikiria.

Kila nyumba ya kwetu ina dari ya miti juu ya meko ya jikoni, na kila kitu cha maana hukaa huko. Mbegu za mahindi hukaa huko, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, hukaa huko, na hati ya shamba letu iko huko ndani ya karatasi ya nailoni tangu baba mkwe alipofariki. Moshi hufukuza wadudu, joto hufukuza ukungu. Ukiona mama wa kwetu amepandisha kitu darini, ujue amekipenda.

Basi nikaipandisha violini. Na nisijitetee, yale maneno ya joto niliyasikia na nikayakumbuka nikiwa juu ya ngazi. Nilijiambia joto alilosema ni la jua, la huko Soin, siyo la meko. Halafu nikajiambia jambo lingine ambalo ndilo la kweli: huyo mwalimu anajua nini kuhusu kutunza vitu? Nilitaka mtoto arudi, afungue sanduku, akute mbao kavu safi, aseme mama ameitunza kuliko mwalimu. Nilitaka sifa hiyo mpaka mate yakanijaa mdomoni. Siku tatu mfululizo mvua ilitufungia ndani, na moto haukuzimika.

Aliporudi nilimteremshia mwenyewe, nikitabasamu. Akafungua. Harufu ya moshi ilitoka kwanza. Ubao wa juu ulikuwa umeachana na mbavu, gundi imelegea, na ufa umepita kutoka tundu la sauti hadi ukingoni. Alipoinua, kitu ndani kikagonga.

Hakulia. "Mama, uliiweka juu?"

"Niliiokoa na ukungu," nikasema kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka. "Ningeiacha huko chini ingeoza."

Akafunga sanduku polepole. Siku ile nilikuwa bado na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe, lakini nilimrushia yeye, mzee wangu na ndama.

Shule ilipofunguliwa nilimsindikiza. Njiani nilipanga maneno yangu yote. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, akabeba sanduku hadi dirishani, akafungua, akanusa. Akakaa chini.

"Hii imekaa juu ya moto," akasema. "Nani aliiweka?"

Nilifungua mdomo. Binti yangu akasema, "Ni mimi, mwalimu."

"Wewe?"

"Kulikuwa na ukungu. Nikasahau ulivyosema."

Mwalimu akauliza tena, taratibu, na safari hii hakumwangalia mtoto. Aliniangalia mimi. Ilikuwa rahisi sana. Maneno yalikuwa yale yale mawili, ni mimi, na mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshayatamka mbele yangu. Nikaangalia mikono yangu.

"Haya," mwalimu akasema. "Wewe unajua sharti." Akatoa daftari, akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la binti yangu. Mstari mmoja, umenyooka.

Sasa sikiliza nilichokihisi, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike haya. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilisimama pale nikafurahi. Alikuwa amechagua. Kati yangu na yule mwanamke, mtoto alikuwa amenichagua mimi, akamdanganya mwalimu wake mpendwa machoni, kwa ajili yangu. Nilimshika mkono njia nzima kurudi nyumbani, nikamnunulia maandazi mawili. Alikula moja, lingine akampa mtoto wa jirani.

Wiki zilizofuata alichuma chai nami bila kuitwa. Alikunywa maziwa. Jina la mwalimu halikutajwa nyumbani kwangu hata mara moja. Mwanzoni kimya hicho kilinifaa. Baadaye nikaanza kumwona akiwa amekaa na kikapu, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza mkono wa kulia, kimoja kimoja, na mdomo umefungwa. Akinisikia nakuja, anaacha.

Nilivumilia hadi nikashindwa kulala. Siku moja nikatoka shambani na matope yangu, nikaenda hadi shuleni, nikamwita mwalimu nje. Nikamwambia yote, ya dari, ya kusikia na kupuuza, hata ya kucha. Hakuonekana kushangaa. Alisema ameshukuru, na jina litaandikwa tena, ila chini ya orodha, kwa sababu hawezi kuwaruka walio mbele. Nilimwambia ni sawa. Ilichukua dakika kama tano hivi, na nilikuwa nimeiogopa wiki zote hizo.

Nikakimbia nyumbani kama mtu aliyebeba zawadi. Binti yangu alikuwa akimkamulia nyanya ya jirani ng'ombe wake, nikamwita pembeni. "Nimemwambia mwalimu ukweli," nikasema. "Amejua ni mimi. Jina lako limerudi."

Nilingoja anikumbatie. Akaweka ndoo chini.

"Mama," akasema, "sasa atajua nilimdanganya."

Akalia. Violini ilipopasuka hakulia, jina lilipofutwa hakulia, lakini hapo alilia hadi akakaa kwenye nyasi zenye maji. Nikapiga magoti kando yake, nikamwomba msamaha, na wakati bado naomba, nikasikia ule wivu wangu wa zamani ukiamka kifuani, mzima kabisa.