Maswali Yangu kwa Mshenga

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la huku Afrika Kusini, siku ya posa, sebuleni kwetu Jacobs tulikuwa hivi: mimi bibi, ambaye wote huniita Koko; mwanangu wa kiume, ndiye baba wa binti; mke wake; kijana aliyekuja kuposa, Mrundi anayefanya kazi ya ghala kule Mobeni; na mshenga wake, mzee wa kanisa lao. Binti mwenyewe ni mjukuu wangu, ambaye nimekuwa nikilala naye chumba kimoja tangu tufike Durban. Yeye alikuwa jikoni akikaanga mikate, maana haitwi mpaka mambo yaishe. Majina yote ninayo kichwani, hata la mama wa mshenga, ila mjukuu amenikataza kuyaandika.

Kwetu mposaji hafungui mdomo. Ukimuuliza, anajibu mshenga. Mwanangu aliuliza kazi na kanisa, akatosheka. Nikasema mimi bado.

"Nyumba yake iko na ngazi?"

Kijana akamnong'oneza mshenga. "Hapana, Koko. Iko chini."

"Choo je, iko ndani?"

Wakanong'onezana tena. "Iko ndani."

"Anakoroma?"

Hapo minong'ono ikawa mirefu. Mshenga akakohoa. "Anasema hajawahi kujisikia."

Mke wa mwanangu akaziba mdomo na kitenge. "Mama, hayo bibi harusi atayaona mwenyewe."

"Niache. Mtoto hatolewi hivi hivi. Asubuhi kwake wanakunywa nini?"

"Chai, Koko."

"Na uji? Mtu mwingine akitaka uji?"

Mshenga akatazama dari. Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, ikaja sauti ya mjukuu wangu.

"Koko, unaniulizia mimi ama unajiulizia wewe?"

Nikamwambia arudi kwenye mikate, inaungua. Haikuwa inaungua. Lakini swali lake lilinikaa. Tangu asubuhi nilijiona mlinzi wa mtoto, kumbe aliyeuliza ngazi ni goti langu, na aliyeuliza choo ni kibofu changu. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu katika kile chumba, basi. Nikatazama sakafu, maswali yakaniisha.

Ndipo kijana, desturi ikamshinda, akafungua mdomo wake mwenyewe.

"Koko, kitanda chako tukiweke upande gani?"

Mshenga akashika kichwa. Mwanangu akasema, "Eish, mposaji ameongea. Faini kreti ya soda."

"Upande wa dirisha," nikasema, "na mbali na huyo asiyejisikia."

Mjukuu wangu alicheka huko jikoni mpaka mikate ikaungua kweli. Tuliila hivyo hivyo, mshenga akaisifu, ndiyo kazi yake.

Naandika haya nikiwa hapo dirishani, nyumbani kwao. Anakoroma, lakini si sana. Ninyi mliokuwepo, kama nimekosea nisahihisheni. Mke wa mwanangu anadai nilitaja dirisha kabla kijana hajamaliza kuuliza.