Dada Naomi Anakwenda Kuutazama Mji wa Tanga

Sababu ya safari, kama dada yangu Naomi alivyowaeleza majirani wetu wa Magamba, ilikuwa kutalii. Mwanamke wa miaka sitini na moja, ambaye akienda Lushoto mjini huuza kabichi zake na kurudi bila kutazama kushoto wala kulia, alisema anataka kwenda Tanga kutalii, na majirani wakakubali kwa adabu. Mimi ni mdogo wake. Nilijua sababu ni Mzee Hiza.

Mzee Hiza ni Mbondei wa Muheza, fundi wa reli mstaafu, mgane, anayeishi Tanga. Alipanda hadi soko la Soni msimu wa mapeasi, akanunua tenga zima kwa Naomi, aliyekuwa akiyauza huko. Wiki iliyofuata akarudi na kununua jingine, na sisi tunajua hakuna mtu mmoja anayeweza kula mapeasi kiasi kile. Baadaye akaanza kumtumia salamu kwenye simu kila asubuhi, zenye picha ya maua na aya ya Biblia. Kisha akaomba kumwoa. Yeye ni Mwanglikana na sisi ni Walutheri, lakini Naomi alisema hilo linarekebishika.

Naomi alifiwa na mume zamani, na hawakujaliwa watoto. Mimi nilifiwa baadaye, na watoto wangu wako Arusha na Dodoma. Nyumba zetu zimetenganishwa na tuta moja la karoti, na jioni tunapika jiko moja. Kwa hiyo aliposema, "Esta, twende nikautazame huo mji," nilifunga mzigo upesi. Nilitumaini Tanga yenyewe ingemkatisha tamaa, nami nisihitaji kusema neno.

Ijumaa alfajiri tulikuwa stendi ya Lushoto, tumevaa sweta na kanga juu yake. Basi liliposhuka kona za kuelekea Mombo masikio yaliziba, na kila kona tuliyopita joto lilipanda kidogo. Mombo tulivua sweta. Korogwe tulivua soksi. Baada ya Segera nilitazama mistari ya mkonge isiyo na mwisho, nikasema, "Huku hakuna hata mlima wa kupumzishia macho." Naomi alijibu kwamba macho yake hayajachoka.

Muheza wachuuzi walitupandishia machungwa dirishani. Naomi alinunua, akayamenya polepole huku akiutazama mji ule wa kina Hiza kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

Tanga, mchana. Mzee Hiza alikuwa stendi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, kofia mkononi, ameshika baiskeli. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, mama, poleni na safari." Naomi hakumwamkia shikamoo. Alimpa mkono, akasema, "Habari za hapa." Hilo nililiona.

"Gari umeliegesha wapi?" nikamuuliza.

"Gari sina," akasema. "Nina hii."

Alifunga mizigo yetu juu ya kiti cha nyuma, akaikokota baiskeli, nasi tukamfuata kwa miguu hadi Ngamiani. Kwetu mtu mwenye baiskeli huisukuma kupanda, kisha huisukuma tena kushuka asije akafa. Tanga ni tambarare kama sinia, na nilimwona ajuza amekaa juu ya baiskeli wima, mtandio haujasogea, anakwenda zake sokoni.

Tulifikia kwa jirani yake, Bi Mwanaidi, mama wa makamo anayeuza maandazi barazani. Mzee alisema si vizuri tulale kwake kabla ya mambo kukamilika. Bi Mwanaidi alitupa chumba, akatupa wali wa nazi na samaki, kisha nikamuuliza, kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta, Mzee Hiza ana tabia gani mbaya.

Alifikiri. "Anakoroma," akasema. "Mimi namsikia huku, ukuta wenyewe si mwembamba."

"Zaidi ya hapo?"

"Anajua kuomba radhi. Marehemu mkewe alikuwa mkali, mzee wa watu akapata mazoezi."

Nililala na jambo moja tu la kumwambia Naomi. Nilipomwambia asubuhi alisema marehemu mumewe alikoroma pia, na kwamba tangu afe nyumba imekuwa kimya mno.

Jumamosi asubuhi tulikwenda mapango ya Amboni kwa bajaji. Kuna giza, kuna popo, na kuna mwongozaji mwenye tochi anayetaja mawe kwa majina ya wanyama. Alituonyesha shimo, akasema zamani mtu mmoja aliingia humo na mbwa wake, wakatembea chini kwa chini mpaka Mombasa.

"Alirudi kusimulia?" Naomi akauliza.

"Hakurudi, mama."

"Sasa mlijuaje kwamba alifika?"

Mwongozaji akamulika jiwe jingine. Mzee Hiza alicheka mpaka popo wakaruka. Nilikuwa sijamsikia mtu akicheka hivyo kwa sababu ya dada yangu tangu tuwe wasichana, na sikukipenda kicheko kile, kwa sababu kilikuwa kizuri.

Mchana huo huo tulitakiwa kwenda Raskazone kuiona bahari. Mzee alipendekeza baiskeli. Tulikuwa watu watatu na baiskeli moja, naye alikwisha kulipanga jambo hilo: alimpakia Naomi nyuma, akampeleka mbele kidogo chini ya mti, akarudi kunichukua mimi, akanifikisha na kuanza tena. Kwa njia hiyo tuliuona mji wa Tanga kila mtu kwa zamu yake. Niliyaona majengo ya Wajerumani yanayoota majani kwenye paa, na bandari kwa mbali, na mgongo wa Mzee Hiza kwa karibu sana.

Katika zamu yangu mojawapo alisema bila kugeuka, "Shemeji, najua hunitaki."

"Bado sijawa shemeji yako."

"Naam. Najifunza kutamka." Akakanyaga pedali kidogo. "Sikulaumu. Ningekuwa nakula chakula cha jioni na Naomi kila siku, na mtu akaja kumchukua, ningemchukia."

Juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli mtu hana pa kugeukia.

Tulipofika, Naomi alivua viatu, akakunja kanga, akaingia majini mpaka kwenye vifundo. Alichota maji kwa kiganja akayaonja, akatema.

"Kweli ni ya chumvi," akasema. "Miaka yote hii nilidhani watu wanatia chumvi."

Mimi sikuingia. Nilisimama juani kwa makusudi, nikihesabu kasoro: jua, unyevu, mchanga ndani ya viatu, kunguru. Tangu tulipofika nilikuwa nimekataa kunywa maji ya Tanga, kwa madai kwamba yana ladha, nami ni mtu niliyezoea maji ya mlimani. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia Naomi kwamba hakuna mtu wa kwetu anayeweza kuishi mahali hapa, nikaona bahari imeinuka na kusimama wima kama ukuta. Kumbe aliyelala chini ni mimi.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa. Mzee Hiza aliniinua, akanikalisha kwenye baiskeli. Naomi alinishikilia upande mmoja, mzee akasukuma kwa upande mwingine, wakanipeleka hivyo mpaka zahanati iliyokuwa karibu. Nilipozinduka nilikuwa na dripu mkononi. Muuguzi, msichana wa umri wa mjukuu wangu, aliniamkia vizuri kabisa kabla ya kunigombeza.

"Shikamoo, bibi. Mara ya mwisho kunywa maji ni lini?"

Nikasema Lushoto.

Naomi alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kanga yake bado imelowa. "Ungeniachia nini ungekufa hapa?" akasema kwa Kishambaa, ili muuguzi asielewe. "Eh? Ungeniachia nani?" Halafu akalia. Sikumwona Naomi akilia hata kwenye msiba wa mumewe. Nilitazama dari.

Mzee Hiza alikuwa nje. Aliingia mara moja tu, ameshika dafu lililofunguliwa. "Hili si maji ya Tanga," akaniambia. "Ni ya mnazi." Nikalinywa lote.

Jumapili tulikwenda kanisani kwake. Liturujia yao ina kusimama kwingi. Nilikaa.

Jumatatu asubuhi alitusindikiza stendi. Hakumshika dada yangu mkono kwa muda mrefu kupita adabu, wala hakuuliza jibu mbele yangu. Alinipa chupa mbili za maji, akangoja mpaka nimeifungua moja.

Basi lilipoanza kupanda kutoka Mombo niliona lazima niseme. "Dada, lile joto umeliona."

"Nimeliona."

"Na mbu."

"Na mbu."

Tulipofika Soni baridi iliingia dirishani, na maporomoko yakasikika. Naomi akavaa sweta, akafunga vifungo vyote. Nilimuuliza waziwazi, "Sasa Mzee Hiza utamjibu nini?"

"Nilikwisha kumjibu."

"Lini? Jana?"

"Kabla hatujaondoka Magamba. Nilimwambia ndiyo."

Basi lilipita kona mbili. Nikauliza, kama hivyo ndivyo, safari yote ile ilikuwa ya nini, na mapango, na baiskeli, na mimi kufa nusu.

"Ilikuwa yako," Naomi akasema. "Ningekwenda tu, ungekaa Magamba ukinuna, ukisema hujui niliko. Sasa unajua stendi, unajua nyumba, na Bi Mwanaidi anakujua kwa sura. Siku ukiwa mpweke, unapanda basi." Kisha akaongeza, "Na unakunywa maji."

Nilitazama nje mpaka Lushoto. Hakukuwa na kitu nje ambacho sikukijua.

Nilichojifunza, kwa wale mtakaouliza, ni kwamba katika safari ile mtalii nilikuwa mimi, na mwenyeji wangu tangu mwanzo alikuwa dada yangu. Aliolewa kabla ya mvua za vuli. Tangu hapo nimeshuka Tanga peke yangu mara kadhaa, na sijapotea.