Mdogo Wake Shujaa

Msusi wangu akikasirika, anayeumia ni mimi mwenye kichwa. Siku hiyo televisheni ya saluni ilionyesha filamu iliyotokana na kitabu cha katuni alichosomewa na kaka yake utotoni, kabla hajajua kusoma.

"Wameharibu!" akafoka, huku akinivuta nywele. "Koti la shujaa sawa, sura sawa. Mdogo wake wamempeleka wapi? Yule anayempigia mluzi toka juu ya paa, adui akija?"

"Dada, taratibu! Hicho ni kichwa, si kamba."

Kaka mtu alikwenda ng'ambo kutafuta maisha, akaenda jumla. Hata salamu haziji. Kilichobaki ni hadithi hiyo, na msusi anaijua kama njia ya kwao.

Kitabu chenyewe ninacho nyumbani. Niliporudi kufumua nikampelekea, nikidhani tutaicheka filamu pamoja. Alifuta mafuta vidoleni, akafunua ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwisho. Koti lilikuwepo, adui alikuwepo. Juu ya paa hapakuwa na mtu.

"Kumbe kaka alikuwa ananiingiza mimi kwenye hadithi," akasema polepole. "Mluzi nilikuwa nampigia mimi, mama akija na fimbo."

Basi filamu haikukosea kitu. Akarudi ukurasa wa kwanza, akamtazama shujaa amesimama peke yake, kisha akapiga mluzi kwa nguvu zake zote.

Saluni nzima iligeuka. Shujaa hakugeuka.