Nilijibu hoja ambayo hakuna mtu aliyeitoa: safari yangu kwenye timu ya mdahalo ya chuo

Wakuu, habari za mahali mlipo. Nianze na kosa langu, msije mkadhani huu ni uzi wa mtu anayejisifu tangu mstari wa kwanza. Kujisifu kutakuja baadaye kidogo, mnivumilie.

Siku yangu ya kwanza kwenye timu ya mdahalo ya chuo chetu hapa Machakos, nilisimama mbele ya watu kama ishirini nikajibu hoja ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitoa.

Sitaongeza chumvi. Nitasema yote, hata yale ya kunitia aibu.

Kidogo kunihusu. Mimi ni wa Wamunyu, kwa wachonga vinyago. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani mwaka mzima nikimsaidia mjomba kupiga msasa vinyago. Hapo ndipo nilipojifundisha kuhutubu. Nilikuwa natazama mdahalo kwenye simu, naandika sentensi nilizozipenda, halafu nazirudia kwa sauti huku napiga msasa. Wasikilizaji wangu walikuwa twiga wa mbao.

Twiga wa mbao hawaulizi swali. Hilo lilinidanganya sana.

Jambo lingine, mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawa kabisa. Ujumbe wa WhatsApp nausoma mara nne kabla ya kutuma. Huu uzi wenyewe nimeufuta mara tatu.

Basi, first year, nikaona tangazo ubaoni: timu ya mdahalo inatafuta wasemaji. Tukapewa mada siku mbili mapema, kwamba simu zipigwe marufuku darasani. Mimi upande wa kupendekeza. Nikaandika kurasa sita, kila neno, mpaka mahali pa kutua na kuvuta pumzi. Na kwa kuwa nilijua ni lazima nimjibu mpinzani, nikaandika na majibu pia. Kabla mpinzani hajafungua mdomo.

Mpinzani alikuwa Kioko, wa mwaka wa pili, mtu wa maneno mengi. Lakini siku hiyo alisema kitu kimoja tu: mwanafunzi aliyeacha mtoto nyumbani anahitaji kupatikana mtoto akiugua. Akakaa.

Nikasimama nikasoma: "Mpinzani wangu amedai kwamba simu ni maktaba ya mfukoni."

"Sijasema hivyo," Kioko akasema.

Nikaendelea. Mstari uliofuata, wakuu, niliokuwa nimeuandika mwenyewe nikiwa na akili timamu, ulisema: "Na sasa atakana."

Darasa zima likavunjika mbavu. Kuna msichana alitoka nje kabisa akachekee huko. Kioko akapiga meza. "Huyu anasoma kama matangazo ya kanisa. Endelea, Mzee wa Kanisa, tuambie harambee ni lini."

Nikasoma kurasa zote sita. Sikujua kufanya kitu kingine.

Wiki mbili sikurudi. Nikimwona mtu wa timu kantini, naacha chai na mandazi mezani naondoka. Mwishowe Mwende akanipata maktaba. Mwende alikuwa kapteni, mwaka wa tatu, msichana mpole ambaye hapendi kurudia neno.

"Mutuku, umetutoroka?"

"Hapana, niko na kazi mingi."

"Hiyo kitabu ni ya uuguzi. Wewe si uko umeme?"

Nikafunga kitabu.

"Hizo kurasa zako zilikuwa poa," akasema. "Shida ni kwamba wewe haukuwa kwa hiyo chumba na sisi. Kuja Jumatano."

Sasa niwaeleze desturi moja ya timu yetu, kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana nayo. Tunaiita kurudisha. Kwenye mazoezi huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka uirudishe hoja yake kwa maneno yako, na yeye akubali, "Ndiyo, hiyo." Akisema "Siyo hiyo," unaanza upya. Hata kama ni mara kumi.

Mimi nilifika mara tisa. Kioko akiwa ameegemea kiti, anafurahia maisha.

"Siyo hiyo."

"Umesema ushuru unaumiza wafanyabiashara?"

"Siyo hiyo, bwana. Nimesema *unaumiza wadogo kuliko wakubwa*. Uko wapi wewe?"

Nilikuwa kichwani mwangu, wakuu. Hapo ndipo nilipojijua. Mtu akiongea mimi sisikilizi, napanga maneno yangu yasije yakawa na kosa. Nafikiri nimeishi hivyo tangu utotoni, na kila mtu hudhani mimi ni mtulivu.

Niliendelea kwenda kila Jumatano. Mwezi wa pili Kioko akawa anakubali mara ya tatu au ya nne. Siku moja akakubali mara ya kwanza, akaonekana kukasirika kidogo.

Kisha yakaja mashindano na vyuo jirani. Timu ni watu watatu. Mwende akasoma majina: yeye wa kwanza, Kioko wa pili, mimi wa tatu.

Kwa wasiojua, msemaji wa tatu ndiye asiyeweza kujiandaa. Kazi yake ni kujibu yaliyosemwa pale pale. Yaani alichukua mtu wa kurasa sita akampa nafasi isiyo na kurasa.

"Unaenda na kalamu na karatasi tupu," akaniambia. "Ukisoma hotuba ya kuandikwa, ile nafasi nampa mwingine, na sitakuita tena. Sikutishi. Nakuambia tu."

Sikuwa nimewahi kuchaguliwa kwa kitu chochote kabla ya hapo. Hata kwaya shuleni nilikuwa wa akiba. Nikipoteza hii nafasi, nilijua sitajaribu tena, nijijuavyo.

Raundi ya kwanza tulishinda, lakini si kwa sababu yangu. Nilipewa dakika saba, nikatumia mbili, nikakaa. Mwende akaandika dakika zangu kwenye daftari, akalifunga. Ningependa angenigombeza.

Fainali, mada ikatangazwa nusu saa kabla: uvunaji wa mchanga mitoni upigwe marufuku kabisa. Sisi tukapewa kupinga.

Nikamwambia Mwende ukweli. "Mimi niko upande wao. Mto wetu nyumbani unaisha kwa sababu ya malori ya mchanga."

"Kioko, umesikia? Tuko na mtu wa mtoni," akasema. Akarudi kuandika.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Msemaji wao wa tatu, kijana mrefu wa tai nyekundu, aliongea vizuri mno. Akaeleza kwamba mchanga ndio unaohifadhi maji mtoni kiangazi. Ukiuchukua, visima vya mchangani vinakauka, na mama aliyekuwa akichota karibu na nyumbani anatembea nusu siku. Watu wakapiga makofi.

Kioko akaninong'oneza, "Hapo wametumaliza. Nenda tu uonekane."

Nikasimama. Karatasi yangu ilikuwa na maneno mawili: mama, mchanga. Nikashika meza.

Sikujua nianze wapi, nikafanya kile tunachofanya Jumatano. Nikairudisha hoja yake. Nikaeleza jinsi mama anavyochimba mchanga kwa sufuria, anangoja maji yapande, anachota kwa kikombe, anangoja tena. Nikasema mchanga ukiondoka hata hicho kikombe hakijai. Kisha nikamgeukia nikamuuliza, "Hiyo ndiyo hoja yenu?"

Kwenye mashindano hakuna mtu hufanya hivyo. Akawatazama wenzake, halafu akaitikia kwa kichwa.

"Basi tunakubaliana naye," nikasema. "Tunachopinga ni hilo neno *kabisa*."

Papo hapo akasimama na mkono juu. Hii inaitwa point of information, mpinzani anaomba kukukatiza na swali, na una haki ya kumkataa. Mimi nilikuwa nakataa siku zote. Siku hiyo nikasema, "Uliza."

"Ndugu msemaji, wewe mwenyewe umewahi kuchota hayo maji, ama umesoma tu mahali?"

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Nimechota mpaka nikamaliza shule. Mama yangu bado anachota. Kwetu marufuku ilitangazwa. Malori yakaacha kuja mchana, yakaanza kuja usiku. Kabla ya hapo, mchana akina mama walikuwa wanasimama mbele ya lori wanakataa. Usiku hakuna mama mtoni. Wapeni hao akina mama mamlaka ya kuamua lori gani lipite na lini, msiwape marufuku ambayo dereva anaikwepa kwa kungoja giza."

Makofi yakaanzia nyuma yakaja mbele, na mimi nilikuwa bado na dakika tatu. Nikazitumia zote.

Majaji walikuwa watatu. Wawili wakatupa sisi ushindi. Jaji mkuu akasema msemaji wetu wa tatu ndiye aliyejibu kilichosemwa. Nilitaka kumwomba airudie hiyo sentensi, nikajizuia.

Mwende alinishika bega tu. Kioko naye: "Kazi safi. Lakini umesahau kumshukuru mwenyekiti." Hilo lilinisumbua wiki nzima.

Nilimpigia mwaitu, yaani mama, jioni hiyo.

"Nimekutaja mbele ya watu wengi."

"Ulisema nini?"

"Kwamba unachota maji mtoni."

"Mutuku. Si ungewaambia nimejenga nyumba?"

Funzo langu ni dogo. Kujiandaa hakukuwa kosa, na sitamwambia mtu aache kujiandaa. Kosa langu lilikuwa kujiandaa ili nisihitaji mtu mwingine chumbani. Kama wewe ni mwoga kama mimi, tafuta timu yenye watu watakaokuambia "siyo hiyo" bila kukufukuza.

Wakuu walio kwenye midahalo, kwaya, hata vikao vya ukoo, semeni nanyi mlivumiliaje mara yenu ya kwanza. Na mkiona nimekosea mahali, niambieni, nitasoma yote.

Tangu fainali ile nimesimama mara saba, nimeshindwa mbili. Nafasi ya tatu bado ni yangu. Woga bado ninao, ila usiku wa kuamkia mdahalo sasa nalala.